KROLA NDOGO: JINSI YA KUUNDA NA KUSETI GARI LA RIMOTI LINALOPANDA MAWE



Swali ninaloulizwa kila mara kuhusu haya magari ni moja tu: "Mkuu, niweke mota gani ili lipande mawe?" Jibu langu huwa haliwafurahishi watu: mota iache ilivyo. Gari la kupanda mawe halishindi kwa nguvu. Linashinda kwa uzito uliokaa chini na mbele, matairi laini, na mwendo wa kinyonga. Nimeona vijana wanamaliza akiba ya miezi kwenye mota kali, halafu gari linabinuka kwenye jiwe lile lile la siku zote, ila sasa linabinuka kwa kasi zaidi!!

Kwa hiyo leo nimeyaweka yote sehemu moja. Kama uko kafe na dakika zinayoyoma, soma namba 4 na namba 8 kwanza, mengine yatie kwenye flashi ukasome nyumbani.

1. KROLA NI KITU GANI?

Krola ni gari la rimoti la betri, matairi yote manne yanavuta, limeundwa kutambaa taratibu juu ya mawe, magogo na mizizi. Hapa hakuna mbio. Ushindi ni kupita pale ambapo mwenzako amekwama, bila kuligusa gari kwa mkono.

Tofauti kubwa na gari la kawaida iko kwenye difu. Difu ya kawaida inaruhusu tairi la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti ili gari likate kona vizuri. Ubaya wake ni kwamba tairi moja likining'inia hewani, linazunguka bure na lile lililo chini halivuti kitu. Krola difu zake zimefungwa, yaani matairi mawili ya ekseli moja yanazunguka pamoja, yapende yasipende. Ndiyo maana hata tairi moja tu likishika jiwe, gari bado linajivuta.

Ekseli zenyewe ni za bomba moja zima, kama za lori. Upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka, na matairi yanabaki yamekanyaga chini.

Mchezo huu ulishika kasi Marekani miaka ya mwanzo ya 2000. Krola za dukani zilikuwa adimu, hivyo watu walichukua ekseli za Tamiya Clod Buster, gari lililotoka 1987, wakazifunga kwenye chasi za kujitengenezea. Baadaye kampuni zikaamka. Axial walileta AX10 Scorpion ya skeli 1/10, na mwishoni mwa 2019 wakatoa kadogo, SCX24 ya skeli 1/24. Mwaka 2022 Traxxas nao wakatoa TRX-4M ya 1/18. Kuna pia WPL za China za 1/16, zile pikapu zinazofanana na Hilux, ambazo bei yake iko chini zaidi.

Skeli 1/24 maana yake sentimita 24 za gari la kweli zimekuwa sentimita 1. Pikapu ya mita 4.8 inakuwa sentimita 20, inaingia kwenye begi la shule. Mimi napendelea size hii kwa sababu uwanja wake ni bure: fungu la mawe ya msingi kwa jirani anayejenga linakutosha mwaka mzima.

2. VIFAA

Ukinunua lililokamilika, vyote vimo. Ukitaka kuunda mwenyewe, hesabu hivi:

- Chasi, ekseli mbili zenye difu zilizofungwa, na linki (vile vyuma vyembamba vinavyoshika ekseli).
- Gia boksi na propela shafti mbili, ya mbele na ya nyuma.
- Mota ya brashi yenye mizunguko mingi ya waya. Mizunguko ikiwa mingi, mota inakwenda taratibu na haili umeme sana. SCX24 inatoka kiwandani na mota ya mizunguko 88.
- ESC, yaani kile kiboksi kinachopokea amri na kuipa mota umeme wa kiasi.
- Rimoti na risiva yake, za 2.4 GHz.
- Sevo ya kukatia kona.
- Betri ya LiPo ya seli mbili (2S) na chaja yake yenyewe.
- Shokapu nne, matairi manne, bodi.

Sevo ndogo si lazima uagize nje. Maduka ya vifaa vya elektroniki yanayouza vitu vya Arduino huwa na SG90 na MG90S. Ulizia Kariakoo ukiwa Dar, au Luthuli Avenue ukiwa Nairobi. SG90 ina uzito wa gramu 9 na gia zake ni za plastiki. MG90S ina gramu 13 na ushee na gia zake ni za chuma. Chukua ya chuma, kwa sababu kwenye mawe gia za plastiki hung'oka meno. Ila pima nafasi kwanza, maana zina urefu wa milimita 22 na upana wa 12 hivi, na gari lingine linahitaji kishikio kipya.

Zana: bisibisi ndogo, spana za L za milimita 1.5 na 2, solda, na mizani ya jikoni ya digitali inayosoma gramu moja moja. Hiyo mizani usiidharau, tutaihitaji sana.

3. KUUNGA

Hatua ni chache, lakini usiziruke.

a) Unga ekseli kwanza. Zungusha kwa vidole. Ikikwama sehemu moja, fungua, kuna skrubu imekazwa mno au beringi imekaa upande.

b) Funga linki. Ekseli iachie ianguke yenyewe. Kama haianguki kwa uzito wake, linki inabana, na hapo hata shokapu ya bei mbaya haitakusaidia.

c) Propela shafti ina maungio mawili yenye uma, moja kila mwisho. Hakikisha uma zote mbili zimelala upande mmoja. Zikipishana, gari litatetemeka.

d) Weka mota. Kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, pitisha kipande cha karatasi ya daftari, sukuma mota ikae, kaza, halafu toa karatasi. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa.

e) Kabla ya kufunga mkono wa sevo, washa rimoti na gari ili sevo isimame katikati. Zima, ndipo ufunge mkono ukiwa umenyooka. Kona ya kushoto na ya kulia zitakuwa sawa.

f) Skrubu zinazoingia kwenye chuma zipake tone la gundi ya skrubu, ile ya buluu. Zinazoingia kwenye plastiki usizipake chochote, na ukisikia zimegota acha kukaza.

4. UZITO: HAPA NDIPO MCHEZO ULIPO

Kila gari lina kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote ni kama umekusanyika hapo. Gari linabinuka pale nukta hiyo inapopita nje ya tairi la chini. Hesabu yake ni ya pembetatu tu, ile ya tanjenti ya sekondari.

Tuchukue mfano. Gari la gramu 400, toka tairi la mbele hadi la nyuma sentimita 13, upana kati ya matairi sentimita 10, kitovu kiko sentimita 5 toka chini, na uzito uko nusu kwa nusu.

- Kupanda: 6.5 gawanya kwa 5. Linabinukia nyuma kwenye mlima wa kama digrii 52.
- Kulala ubavu: 5 gawanya kwa 5. Digrii 45.
- Kushuka: digrii 52 pia.

Sasa ongeza gramu 80 kwenye matairi ya mbele, gramu 40 kila moja, zikiwa sentimita 2.5 toka chini. Uzito wa mbele unakuwa 280 kati ya 480, yaani asilimia 58. Kitovu kinashuka hadi kama 4.6. Matokeo:

- Kupanda: kama digrii 59.
- Ubavu: kama digrii 47 na nusu.
- Kushuka: kama digrii 50.

Umeona? Umepata digrii karibu 7 za kupanda, ubavu umeimarika, na umepoteza digrii 2 au 3 tu za kushuka. Hakuna mota duniani inayokupa hivyo! Shokapu zikilala, namba halisi zinashuka kidogo, lakini mwelekeo ni huo huo. Wengi wetu tunalenga asilimia 55 hadi 60 mbele. Ukizidisha sana, gari litapiga pua kwenye mteremko.

Kupima: weka matairi ya mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya kitabu chenye kimo sawa na mizani. Soma. Gawanya kwa uzito wa gari zima.

Uzito unatoka wapi? Dukani wanauza rimu na vifuniko vya ekseli vya shaba ya njano, ile ya vitasa. Njia ya mtaani ni vile vipande vya risasi ambavyo mafundi matairi wanabandika kwenye rimu kubalansi gurudumu. Vilivyotumika huwa vinatupwa, omba. Vikate, vibandike ndani ya rimu pande zote kwa usawa, vizungushie tepu. Lakini risasi ni sumu. Nawa mikono kabla ya kula, usiyeyushe kwenye sufuria ya ugali, na watoto wadogo wasivishike.

Na kabla hujaongeza chochote chini, punguza juu. Keria ya kwenye paa, tairi la spea, madumu, na yule mwanasesere dereva, vyote vinapendeza kwenye picha lakini vinakubinua. Betri nayo isogeze mbele na chini kadiri waya zinavyoruhusu. Hiyo haikugharimu hata senti.

5. MATAIRI

Hesabu ya juu ina masharti: tairi lishike. Kusimama kwenye mlima wa digrii 45 bila kuteleza, msuguano unatakiwa kuwa sawa na uzito wote unaogandamiza jiwe. Digrii 52 unatakiwa uzidi hapo. Mpira mgumu haufiki. Ndiyo maana hela yako ya kwanza iende kwenye matairi laini. Bonyeza tairi kwa kucha, likirudi polepole ni laini, likikudundia kama ndala mpya ni gumu.

Matairi haya hayajazwi upepo, ndani yana sponji. Sponji ngumu inafanya tairi libaki duara kama sarafu, linagusa jiwe sehemu ndogo tu. Punguza sponji kwa mkasi, hasa ya nyuma, mpaka tairi lilale kidogo chini ya uzito wa gari. Hakikisha rimu ina tundu dogo la kupumulia, la sivyo hewa inanaswa ndani na tairi linadunda.

Ukinunua rimu angalia kiungio. SCX24 inatumia rimu za inchi 1.0 na kiungio cha pembe sita cha milimita 7. Kuagiza size isiyo yako na kusubiri wiki kadhaa ni hasara ya kizembe.

6. SHOKAPU NA TUMBO

Kazi ya shokapu hapa ni kuachia tairi lishuke lifuate shimo. Gari likisimama tambarare, shokapu ziwe zimelala kama nusu ya safari yake. Kama zimesimama juu kabisa, springi ni ngumu mno.

Ukikanyaga mafuta kwenye mlima utaona chasi inajikunja, upande mmoja wa nyuma unadidimia na tairi moja la mbele linanyanyuka. Huo ni msukumo wa propela shafti. Dawa ni springi ngumu kidogo kwenye kona inayodidimia, hiyo moja tu.

Usinyanyue gari ili "lionekane kali". Kila milimita unayonyanyua inapandisha kitovu. Badala yake kata bampa zinazogota kabla ya tairi, na hakikisha tumbo ni laini halina kichwa cha skrubu kinachochomoza.

7. SEVO, ESC NA GIA

Kona: matairi yapinde angalau digrii 35 hadi 40 kila upande. Sevo ikiunguruma ukifika mwisho wa kona, punguza kikomo kwenye rimoti, maana inajisukuma kwenye ukuta na itaungua.

Sevo yenye nguvu inakula umeme zaidi. ESC ndogo inaweza kushindwa kuilisha, na dalili yake ni gari kuzimika kila unapokata kona huku umekanyaga mafuta. Dawa ni kifaa kinachoitwa BEC, kinachukua umeme moja kwa moja kwenye betri na kuipa sevo volti zake.

ESC ikiwa inasetika, breki ya kujishika weka juu kabisa. Ukiachia mafuta kwenye mlima, gari lisimame hapo hapo.

Gia: ukibadilisha gia ndogo ya mota kutoka meno 12 kwenda 10, mwendo unapungua kwa moja ya sita, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka asilimia 20. Bei yake ni ndogo kuliko mota. Mwendo wa juu ukiwa sawa na mtu anayetembea kwa madaha, unatosha kabisa.

8. BETRI: HAPA SITANII

LiPo si betri ya tochi. Ikichajiwa vibaya inawaka moto, na vyumba vyetu vina godoro, mapazia na ndugu waliolala.

- Seli moja ikijaa ni volti 4.20, kwa hiyo 2S ni 8.4. Haitakiwi kuzidi.
- Usiiache ishuke chini ya volti 3.0 kwa seli. Mimi nasimama ikifika 3.4 hivi.
- Chaji kwa ampea zinazolingana na ujazo. Betri ya 350 mAh inachajiwa kwa ampea 0.35. Chaja iwe ya LiPo tu.
- Usichaji ukiwa umelala au umetoka. Chaji juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na kitanda. Umeme ukikatika chomoa, usisubiri urudi na kishindo.
- Ikivimba, safari yake imeisha. Usiitoboe, usiibonyeze, na wala usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa moto. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga, imalize chaji yake kwa balbu ndogo, ufunge ncha zake kwa tepu.
- Usipoitumia wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, si imejaa wala tupu.

9. JARIBIO LA UBAO

Usiamini macho. Chukua ubao, ubandike msasa juu, weka gari likiwa limezimwa na matairi yamefungwa yasizunguke. Inua ubao polepole, na simu yenye programu ya pima maji ikusomee digrii. Andika ilipoteleza au ilipobinuka. Fanya mara tatu kwa kupanda, kushuka na ubavu.

Likiteleza kabla ya kubinuka: shida ni matairi. Likibinuka kabla ya kuteleza: shida ni uzito. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, pima tena. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hutajua kipi kimekusaidia.

10. PA KUENDESHEA NA JINSI YA KUTUMIA HELA

Watu wa Mwanza mmebarikiwa, mji mzima ni mawe. Itale kavu inashika matairi vizuri, ila ikilowa na kuwa na ukungu wa kijani inateleza kama sabuni. Wa pwani, mawe ya matumbawe yanashika sana lakini yanakata mpira, na chumvi inakula beringi. Ukirudi futa kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, tia tone la mafuta.

Mpangilio wangu wa hela ni huu: kwanza yale ya bure (kushusha betri, kuvua mizigo ya paa, kulegeza linki). Pili matairi. Tatu uzito wa mbele. Nne sevo. Tano gia. Mota iwe ya mwisho kabisa, na wengi mkifika namba tatu mtajikuta hamuihitaji tena.

Wengi wetu tumekua tukiunda magari ya waya, matairi ya ndala, usukani wa fimbo ndefu. Ule ujuzi wa kuangalia kitu na kujua kwa nini kinaanguka ndio huu huu, tumeongeza betri tu. Mwenye gari lake aweke hapo chini uzito wa mbele, wa nyuma, na digrii alizopata kwenye ubao. Tulinganishe namba, maneno matupu hayapandi jiwe.